Sufuria Mbili na Kikaango Kimoja: Mwongozo wa Kuanza Kupika Nyumbani Dar

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza maisha ya kupanga: chumba kimoja Sinza, Mbagala au Tabata, jiko dogo karibu na mlango, na mlo wa kila siku unatoka kwa mama ntilie au kwenye banda la chipsi. Sina neno baya na mama ntilie. Wengi wao wana mkono ambao mimi na wewe tutautafuta kwa miaka. Lakini kula nje asubuhi, mchana na jioni kunamaliza mshahara katikati ya mwezi, na siku mvua ikifunga barabara ya Jangwani ukashindwa kutoka, unalala na njaa huku mchele upo dukani kwa Mangi hatua ishirini kutoka kwako.

Msimamo wangu ni huu: usianze kwa kununua vyombo vingi wala kutafuta mapishi mengi. Nunua vyombo vichache vizito, jifunze tabia zake, na urudie vyakula vilevile mpaka mkono uzoee. Anayeijua sufuria yake moja atapika wali, mchuzi, maharage, uji na pilau. Mwenye seti nzima ya sufuria nyepesi atahangaika na kila moja.

Kununua vyombo

Ukiingia maduka ya vyombo Kariakoo, Tandika au Manzese, kitu cha kwanza utakachooneshwa ni seti: sufuria tano au saba zinazoingiana, zinang'aa, bei inavutia. Ziache. Sufuria nyepesi ya alumini hupata moto pale tu mwali unapoigusa, ndiyo maana chakula cha katikati kinashika chini wakati cha pembeni hakijapata joto. Alumini nene huusambaza moto kwenye kitako chote kwanza. Kuipima ni rahisi. Ishike kwa mikono miwili uibonyeze ubavu kwa vidole gumba, ikibonyea, irudishe. Halafu iweke mezani uitikise. Kitako kikicheza, irudishe pia, kwa sababu itayumba jikoni siku unasonga ugali.

Sufuria ya kwanza iwe ya lita nne au tano. Hii ndiyo ya wali, ugali, maharage, nyama na pilau. Ya pili iwe ya lita mbili, ya mchuzi, mboga za majani, uji na chai. Zote ziwe na mfuniko wake, na mfuniko nao upimwe: uweke juu, uuzungushe, uangalie kama unakaa sawasawa. Wali huiva kwa mvuke, na mvuke ukitoka pembeni utabaki na kiini kigumu hata uweke maji ya kutosha.

Kikaango kiwe kizito, upana wa sentimeta 24 hadi 26. Wengi wanakimbilia kile chenye rangi nyeusi kisichoshika chakula. Ni kizuri kwa mayai, ila kijiko cha chuma hukikwangua, na kukiacha kikavu juu ya moto mkali huharibu ule utando na kutoa moshi usiofaa kuvuta. Mimi ningekushauri kikaango cha chuma cha kawaida. Kioshe, kikaushe, kipake mafuta kidogo ndani, kiweke motoni mpaka kianze kutoa moshi, kiache kipoe, rudia mara tatu au nne. Baada ya hapo hakitashika, na kadiri unavyokitumia ndivyo kinavyozidi kuwa laini. Kitu kimoja tu: hewa yetu ya bahari inapenda kutu. Kila ukikiosha, kirudishe motoni kikauke, kisha ukifute na tone la mafuta.

Vingine ni vidogo: mwiko wa mti, upawa, kisu kimoja kizuri, kibao cha kukatia, chujio, mabakuli mawili, ungo au sinia la kuchambulia mchele. Kisu kisichokata ni hatari kuliko kinachokata, kwa sababu unakikandamiza na kinateleza. Akipita fundi wa kunoa visu na baiskeli yake, msimamishe. Mbuzi ya kukunia nazi ni chombo kizuri sana, lakini inaweza kusubiri; masoko mengi ya Dar yana watu wa kukukunia nazi kwa mashine ukiwa umesimama hapo hapo.

Tahadhari moja kuhusu alumini. Usilaze ndani yake vitu vichachu kama ukwaju, mchuzi wa nyanya nyingi au samaki wa ndimu. Uchachu hula alumini na ladha hubadilika. Kupikia hakuna shida. Ukimaliza, hamishia kwenye bakuli.

Moto kwanza, chakula baadaye

Siku ya kwanza usipike chochote. Chemsha maji tu.

Jaza sufuria kubwa nusu, washa moto mkali, na uangalie. Kwanza vinatokea vipovu vidogo chini, vimeng'ang'ania kitako. Kisha vinapanda kimoja kimoja. Kisha maji yote yanatokota na kufurukuta. Sasa punguza moto mpaka uone vipovu vichache tu vinavunjika juu polepole, na ujitahidi kuyashikilia hapo kwa dakika tano. Moto huo mdogo ndio unaolainisha maharage na nyama. Ule wa kufurukuta ni wa mwanzo tu. Wanaoanza wengi hupika kila kitu kwa moto mkali kwa sababu ya njaa, na hilo ndilo linalounguza vyakula vingi kuliko kosa lolote la kipimo.

Kwenye jiko la gesi, mwali usipande ubavuni mwa sufuria. Ukipanda unachoma gesi bure na kuunguza kingo. Ukiwa na sufuria ndogo, punguza. Kwenye mkaa, moto unaongozwa na kimlango cha chini: kifungue upate hewa, kifunge utulie. Ukitaka moto mdogo kabisa, toa makaa kadhaa au uyafunike kwa majivu.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu vyumba vyetu ni vidogo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hailiendei dirisha la juu, inatambaa sakafuni na kujaa chini ya kitanda. Ile harufu kali imewekwa makusudi ili uigundue. Ukiisikia, usiwashe wala usizime taa, usiguse kiberiti. Funga mtungi, fungua mlango, toka nje. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio: likitoa mapovu, gesi inavuja. Na unaponunua, angalia uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye mtungi wenyewe, ongeza kilo 6 kwa mtungi mdogo, kisha mwambie muuzaji aupime mbele yako.

Mkaa nao una hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Usipikie ndani ya chumba kilichofungwa, na usiingize jiko ndani usiku kwa sababu ya mvua. Watu wanalala na hawaamki.

Wali

Naanza na wali kwa sababu unakufundisha mambo matatu kwa pamoja: kipimo, moto na mfuniko. Chagua kikombe kimoja kiwe kipimo chako cha kudumu. Kwa watu wawili wanaokula vizuri, vikombe viwili vya mchele vinatosha.

1. Mwaga mchele kwenye ungo au sinia, kaa penye mwanga, uchambue mawe na chuya. Mchele wa pakiti nao uangalie.
2. Uoshe kwa maji mara mbili au tatu, mpaka maji yasiwe meupe sana. Uchuje.
3. Kwenye sufuria kubwa chemsha maji vikombe vitatu, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula.
4. Maji yakichemka, mimina mchele. Koroga mara moja tu ili usishikane chini, funika ukiacha upenyo mdogo, moto wa kati.
5. Maji yakishuka mpaka usawa wa mchele na ukaona vishimo juu yake, geuza wali taratibu mara moja, punguza moto hadi mwisho kabisa, funika uzibe. Kama unatumia mkaa, hapa ndipo unapopalia: punguza makaa chini, weka machache juu ya mfuniko.
6. Acha dakika 12 hadi 15 bila kufunua. Zima, uache upumzike dakika nyingine tano ukiwa umefunikwa.

Vikombe vitatu vya maji kwa viwili vya mchele ni mahali pa kuanzia tu. Mchele mpya, uliotoka shambani karibuni, hunywa maji machache na hugeuka bokoboko upesi. Wa zamani unaweza kutaka vikombe vitatu na nusu au hata vinne. Muulize muuzaji ni mpya au wa zamani. Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu bila kufikiri. Halafu nunua kwa mtu huyohuyo, mchele uleule, wa Mbeya au wa Morogoro, mpaka uuzoee. Anayebadilisha mchele kila wiki anaanza somo upya kila wiki.

Ukionja ukakuta kiini kigumu, nyunyizia maji ya moto robo kikombe, funika, moto mdogo, dakika tano. Ukiwa umelowa, funua, acha mvuke utoke juu ya moto mdogo. Harufu ya kuungua ikianza, usikoroge hata kidogo! Hamishia wali wa juu kwenye bakuli, uache ulioshika chini. Ukoko wa dhahabu ni chakula kizuri, na nyumba nyingi hapa mjini watoto wanaugombania. Mweusi ndio wa kutupa.

Ukishaweza huu, wali wa nazi hauna jipya isipokuwa tui linachukua nafasi ya maji. Ikune nazi moja, uikamue kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu. Mkamuo wa kwanza, kwa maji kidogo, ndio tui zito, liweke pembeni. Pikia mchele kwa tui jepesi la mikamuo inayofuata, na tui zito ulimimine pale maji yanapokaribia kukauka, kabla hujafunika kwa mara ya mwisho. Mafuta hayahitajiki tena.

Kuunga

Hapa ndipo nataka utulie zaidi, kwa sababu ukijua kuunga umejua zaidi ya nusu ya mboga zinazopikwa jiji hili. Mchicha, maharage, nyama, dagaa, bamia, njegere, mayai: vyote vinapita mlango huu mmoja.

Andaa kila kitu kabla ya kuwasha jiko. Kitunguu maji kimoja kikubwa kimekatwa vipande vyembamba, punje tatu za kitunguu saumu zimetwangwa na kipande cha tangawizi, nyanya tatu zilizoiva zimekatwa ndogondogo, chumvi karibu. Anayekata nyanya huku kitunguu kiko motoni ndiye anayeunguza kitunguu.

Weka mafuta vijiko vitatu vya chakula, moto wa kati. Yakipata moto, tia kitunguu na chumvi kidogo. Chumvi hukitoa maji na kukisaidia kulainika. Koroga mara kwa mara. Kwanza kitakuwa cheupe na kulegea, kisha kitaanza kupata njano, kisha kahawia hafifu. Hii inachukua dakika saba hadi kumi, na hakuna njia ya mkato. Kwa mchicha unaweza kuishia kwenye kulegea tu. Kwa nyama na maharage nenda mpaka kahawia. Kwa pilau nenda zaidi.

Kitunguu kikifika, tia saumu na tangawizi. Hivi huungua haraka na kuwa vichungu, kwa hiyo nusu dakika inatosha. Kisha nyanya. Ukizitia mapema, kabla kitunguu hakijaiva, maji yake yatakizuia kupata rangi na utakula mchuzi wenye vipande vya kitunguu vinavyoelea. Funika nyanya dakika tano zilainike, funua, ziponde kwa mwiko, uendelee kukoroga mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni ya sufuria. Hiyo ndiyo alama. Ule uchachu mbichi umekwisha, rangi imekolea, na harufu imebadilika. Kabla ya alama hiyo usiongeze kitu.

Baada ya hapo unachagua. Karoti na hoho zikiwepo zinaingia sasa. Bizari ya mchuzi, kijiko kimoja cha chai, ikaangwe kidogo ndani ya mafuta hayo kabla ya maji yoyote.

Mchicha uoshe ukiwa mzima, kabla ya kukata, kwenye maji mengi mara tatu. Mchanga huzama chini, kwa hiyo uinue mchicha kutoka kwenye maji badala ya kuyamwaga juu yake. Kata, tia kwenye kitunguu na nyanya, geuza dakika nne au tano bila mfuniko na bila kuongeza maji. Una maji yake ya kutosha. Matembele ni vilevile. Kisamvu ni habari nyingine: majani ya muhogo yana sumu ya asili, na ni lazima yatwangwe na kuchemshwa vizuri, sufuria ikiwa wazi, si chini ya nusu saa, kabla ya kutiwa nazi au karanga. Masokoni kinauzwa kimeshatwangwa, lakini kutwangwa peke yake hakutoshi.

Nyama ya ng'ombe ichemshwe kwanza kwa tangawizi, chumvi na maji ya kuifunika, moto mdogo, saa moja au zaidi, mpaka ilainike. Ndipo unapoiunga, na ile supu yake unairudisha kidogo kidogo kuwa mchuzi. Kwa njia hii hata nyama ngumu ya bei nafuu inaliwa na meno yako yote salama.

Dagaa wakavu watoe vichwa, wamwagie maji ya moto, waoshe haraka mchanga utoke, wachuje mpaka wakauke, uwakaange kidogo peke yao kwenye kikaango. Kisha waingize kwenye kitunguu na nyanya, na umalizie kwa ndimu. Wa Kigoma au wa Mwanza, utaratibu ni huo.

Maharage ya nazi

Nusu kilo, uyachambue, uyaloweke usiku kucha kwa maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo. Weka maji mapya, yachemke kwa kufurukuta dakika kumi nzima, halafu punguza moto. Zile dakika kumi si za mapambo. Maharage, hasa mekundu, yana kitu kinachoumiza tumbo vibaya kisipochemshwa sawasawa, na moto mdogo peke yake haukiondoi. Baada ya hapo, saa moja hivi kwa moto mdogo, kutegemea umri wa maharage. Usitie nyanya wala ndimu kabla hayajalainika, kwani uchachu huyafanya yagome kuiva. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuunga mwishoni.

Yakibonyezeka kwa vidole viwili bila nguvu, yaunge kama nilivyoeleza, tia tui jepesi, yachemke dakika kumi. Tui zito linaingia mwisho, na hapo simama: koroga mfululizo, upande mmoja, mpaka lichemke. Ukiliacha bila kulikoroga linakatika, mafuta yanaelea na maji yanabaki chini. Likishachemka limetulia, unaweza kuondoka.

Ugali

Lita moja ya maji na kama nusu kilo ya unga, kwa watu watatu. Koroga vijiko vinne vya unga kwenye maji baridi nusu kikombe, umimine kwenye maji yaliyopata moto huku ukikoroga, uache uji uchemke dakika nne au tano. Uji usipoiva, ugali utanuka unga mbichi hata uusonge mpaka mkono uume. Kisha tia unga kidogo kidogo, songa kwa kukandamiza ubavuni mwa sufuria ili mabonge yavunjike, punguza moto, funika dakika mbili, songa tena, geuza.

Sufuria zetu hazina mikono, kwa hiyo unaishika kwa kitambaa. Kiwe kikavu. Kitambaa chenye maji hupitisha moto mara moja hadi kwenye vidole.

Dona hunywa maji zaidi na kutaka muda zaidi kuliko sembe, lakini nakusihi uizoee, ina lishe iliyoondolewa kwenye sembe. Ila kwa joto la Dar dona haikai muda mrefu: mafuta ya kiini cha hindi yamo ndani na huchacha. Nunua kilo moja moja.

Kikaango: samaki

Mayai utayaweza bila mimi. Samaki ndiye anayehitaji maelezo.

Ukienda soko la Feri, nenda asubuhi. Samaki mzuri ana macho yaliyojaa na kung'aa, mashavu mekundu kwa ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Kwa vibua na jodari uwe mkali zaidi. Wakikaa juani wanatengeneza kitu kinacholeta muwasho, uso kuwa mwekundu na kichwa kuuma, na kupika hakukiondoi. Kama huna friji, mnunue siku unayompika, na safari ya kutoka mjini hadi Gongo la Mboto apewe barafu. Pale pale sokoni wapo wa kukuparulia na kutoa matumbo kwa pesa ndogo, na kwa mtu anayeanza pesa hiyo ni halali yao.

Mpake chumvi, ndimu na saumu, akae nusu saa. Kisha mkaushe kwa kitambaa safi, ndani na nje, kwa sababu maji ndiyo yanayorusha mafuta usoni. Mafuta yafike nusu ya unene wa samaki. Chovya ncha ya mwiko mkavu. Ikizungukwa na vipovu vidogo, yako tayari. Mlaze kwa kumwelekeza mbali na wewe, mkia uwe wa mwisho. Usimguse dakika nne. Akiwa bado ameng'ang'ania kikaango, hajawa tayari kugeuzwa; ngozi ikikauka atajiachia mwenyewe. Usijaze kikaango, kwani mafuta yatapoa na samaki atayanywa.

Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko wa sufuria. Usimwage maji kamwe.

Pilau ndiyo mtihani

Ukishaweza kuunga na ukishaweza wali, pilau ni hivyo viwili ndani ya sufuria moja. Chemsha nyama nusu kilo, supu yake uiweke pembeni. Kaanga vitunguu viwili kwenye mafuta mengi kidogo mpaka vifike kahawia iliyokolea, maana rangi ya pilau inatoka hapo, si kwenye viungo. Tia saumu na tangawizi, kisha bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu chache na pilipili manga. Tia nyama igeuke kwenye viungo, pima supu badala ya maji kwa kipimo chako kilekile cha wali, ichemke, mimina mchele. Kutoka hapo ni hatua ya nne, ya tano na ya sita ulizokwisha kuzizoea. Karafuu zisizidi tano au sita. Zikizidi pilau inakuwa kama dawa.

Joto na kiporo

Chakula kilichopikwa Dar hakisubiri. Kisikae nje zaidi ya saa mbili. Najua wali wa jana na chai ni kifungua kinywa cha watu wengi, lakini mchele una vijidudu ambavyo kuchemka hakuviui, vinaamka wali ukikaa na uvuguvugu usiku, na sumu vinayoiacha haitoki kwa kupasha moto. Ukiwa na friji, tandaza wali kwenye chombo bapa upoe haraka, uingize. Ukiwa huna, pika wa kutosha jioni hiyo tu, na ukizidi mpelekee jirani bakuli likiwa bado la moto. Bakuli hilo huwa halirudi tupu.

Mchele na unga viweke kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana, la sivyo fukusi watakuwahi. Vitunguu vikae penye hewa, visifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Nyanya nunua fungu dogo gengeni kila baada ya siku mbili.

Chombo cha nne usikifikirie mpaka wali, kuunga na maharage vitoke sawa bila kusoma popote. Wengi watakuambia ununue brenda. Mimi ningenunua sufuria ya presha, kwa sababu maharage yaliyolowekwa yanaiva ndani yake kwa chini ya nusu saa badala ya saa nzima na zaidi, na mtungi wa kilo 6 unakaa muda mrefu. Ukienda kuinunua, uliza kwanza kama mpira wa mfuniko unauzwa peke yake. Ukikosa kwa muuzaji huyo, nenda duka jingine, kwa sababu mpira ndio unaoharibika kwanza.